Bi Khole Aliyesema Matangani

Baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha hesabu katika shule yetu ya wasichana hapa Ibra, Oman, Bi Khole binti Khalaf anastaafu tarehe 30 Juni 2025, mapema kuliko alivyotaka. Kurasa za Kiarabu za programu hii ya kumuaga zimeshataja vyeti vyake. Sisi wenzake tunaozungumza naye Kiswahili tumepewa ukurasa huu mmoja, na hatutaujaza sifa tupu.

Bi Khole ana lupasi, maradhi yanayoifanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe: viungo, ngozi, na kwake yeye, figo. Jua huyachochea, naye kazi ilimtaka asimame uwanjani kila asubuhi wasichana wakipanga mistari. Alikuja na mwavuli mweusi na glavu, nasi tukimtania kuwa anaogopa kuharibu weupe wake. Dawa zilipomvimbisha uso tulimpongeza: umenawiri, mashallah, bwana anakulisha nini? Alicheka nasi. Asubuhi nyingine vidole vilikataa kushika kalamu, akawaita wasichana waandike ubaoni wenyewe. Mkaguzi akaisifu mbinu hiyo mpya, na shule nzima tukaamriwa kuiiga.

Alificha kwa miaka mingi. Kwetu, mama akiwa na maradhi ya kudumu, wanaochunguzwa ni mabinti zake, na wachumba hukimbia. Naye ana binti mmoja tu, Shukriya, aliyekuwa ameshaposwa.

Kisha akafa Hajar, mwalimu mwenzetu kijana, mwenyeji wa mji wa Al Kamil. Alikuwa na maradhi hayo hayo, naye akiyaficha. Harusi ilipokaribia aliacha dawa ili uso upungue uvimbe. Alizikwa kabla ya siku ya hina. Matangani wanawake walisema ni jicho, ubani ukafukizwa, kahawa ikazunguka. Bi Khole akaweka kikombe chini.

"Hajar hakupigwa jicho," alisema. "Kaacha dawa kwa kuona haya. Na mimi maradhi haya ninayo, wallahi, na naogopa kama alivyoogopa yeye."

Mama yake Hajar alinyanyuka, akatoka chumbani. Hata wiki haikwisha, posa ya Shukriya ikavunjwa, kwa maneno matamu ya nasibu na kheri. Waliovunja hatuwataji, wanajijua. Shukriya alilia mpaka sauti ikamkauka. Bi Khole naye alilia, na alituambia wazi kwamba ziko siku alijuta kufungua mdomo.

Lakini hakuufunga tena. Kila Jumatano mkuu wa shule alimpangia vipindi vya mwisho, ili asubuhi aende soko letu la wanawake. Huko aliuza visheti na vileja, Shukriya akimbebea meza, na mapato yakawapeleka wagonjwa wa lupasi kliniki Maskati, wengine kutoka Nizwa na Jalan. Visheti vyake, tuseme kweli, ni vigumu. Vimeshamvunja jino mwalimu wa michezo. Watu walinunua hivyo hivyo. Wapo pia waliopita upande wa pili wa soko wasionekane wakisema naye. Jumuiya ya wagonjwa aliyoianzisha imesaidia wengi, na imeshazika wanne.

Mwaka huu figo zake zimeshindwa, na sasa husafishwa damu hospitali. Ndiyo sababu anatuacha.

Mwezi uliopita mama yake Hajar alikuja sokoni, mchana kweupe. Tangu siku ile ya matanga, miaka sita, hakuwahi kumsemesha Bi Khole. Alikuwa amemshika mkono binti yake mdogo, Fawziya, mashavu yamemwiva wekundu wa lupasi tunaoujua sasa. Hakutoa salamu. Mbele ya soko zima alisema, "Khole, huyu usiniachie akafa." Bi Khole alimkalisha Fawziya kwenye kiti chake, akamwelekeza kila kitu, yeye amesimama kwa miguu iliyovimba.

Bi Khole, ahsante kwa hesabu, kwa visheti, na kwa neno ulilolisema likakugharimu. Hatukutakii kupona, maana wewe ndiye uliyetufundisha tusidanganyane. Tunakutakia umri, na maumivu machache ndani yake. Miadi ya Fawziya kliniki ni Jumapili, na amesema haendi bila wewe.