Mahindi Yaliyorudi Kibaoni: Maisha ya Rafaeli Kasonso

Ndugu waombolezaji, mimi ni Heri, shemeji wa marehemu, na haya nitakayoyasoma nimeyashuhudia yote kwa macho yangu, hata kuzaliwa kwake, ingawa alinitangulia miaka minne.

Marehemu Rafaeli Kasonso alizaliwa hapa Kibaoni tarehe 14 Aprili 1966, akasoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, akamaliza la saba, akashika jembe, na kwa hesabu alinizidi, jambo ambalo sikuwahi kulikubali akiwa hai. Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na dada yangu Odeta, wakajaliwa watoto watano, wanne mnawaona hapa.

Kazi yake ilikuwa mahindi. Mwaka 2021 mvua ilichelewa kukatika, mahindi yakavunwa hayajakauka vizuri, naye na wenzake wa kikundi wakakodi lori kwenda kuuza nje, mimi nikiwa juu ya magunia. Mpakani, tarehe 3 Agosti, wakaguzi wakachoma magunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, wakapima, wakakuta sumukuvu, ile sumu ya ukungu, imezidi kiwango walichokubaliana wakubwa wa biashara za nchi na nchi. Mpimaji, binti mwenye koti jeupe, akamwambia, "Baba, haya hayaruhusiwi kuliwa na watu." Marehemu akamjibu, "Basi niandikie hapo, sisi tunaorudi kuyala ni akina nani."

Lori likarudi na magunia yote, wala hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi, maana sheria ile inalinda tumbo la mnunuzi, la mkulima halimo. Marehemu hakuwa mtu wa kumwaga chakula, akayapeta, akayaosha, akayaanika upya kwenye turubai, tukala ugali, na tangu hapo kila mavuno akawa anachambua, mazuri ya kuuza, yenye ukungu ya nyumbani.

Novemba 2024 macho yalimgeuka njano, tumbo likajaa, hospitalini Mpanda wakasema ni ini. Daktari hakutaja mahindi, nami si daktari. Alifariki tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wanakikundi wenzake, na majirani mliochanga unga wa msiba huu, ambao nao haujapimwa.

Nimebakiza moja. Lile jibu la mpakani nimelitunga mimi. Yeye alisema tu, "Sawa, mwanangu," akapanda lori.

Pumzika kwa amani, shemeji, nimekusemea.