Maliba Yapakwa Njano

Katika taksi ya Bwera, Aminah alijifanya amelala ili asikilize vizuri. Mbele yake Muniru alichezea kompyuta, akiandika kwa JavaScript, lugha ya programu, na kupamba chati ya duara ya kuonyesha kahawa ya kila kata kwenye mkutano wa ushirika.

“Kata yetu ya Maliba umeipaka njano?” akauliza Bulandina, abiria aliyeketi kando ya Muniru. “Rangi ya chama tawala, mwaka wa kura? Watasema tumenunuliwa!”

“Mama, ni rangi tu.” Muniru akabadilisha mstari mmoja, Maliba ikawa buluu.

“Sasa umetufanya wapinzani.”

Kijani ilikuwa na chama, nyekundu vilevile. Muniru akaweka kijivu.

“Hiyo iko ya wenye walishindwa!”

Aminah akashindwa kuvumilia. “Si muweke rangi ya kahawa yenyewe?”

Taksi ikasimama Bwera. Bulandina akamgeukia polepole. “Kumbe hukulala. Wewe uko chama gani?”