Mama Kavuo na Mchanga Usiooshwa

Baada ya miaka kumi na saba ya kupeleka maji salama kwenye shule za Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, Mama Françoise Kavuo anastaafu tarehe 30 Juni 2014. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu nimekaa naye ofisi moja muda wote huo, na bado sijui nianzie wapi, kwa sababu kazi yenyewe inanichanganya mpaka leo.

Alizaliwa Butembo, akaja Mweso kuuza saruji dukani kwa kaka yake. Vita vilipofunga barabara, wateja walikimbia na saruji ikaanza kuganda mifukoni. Ndipo akajiunga nasi kwenye shirika la maji, akaitumia iliyobaki kujenga vichujio: sanduku la zege, kokoto chini, mchanga juu, bila umeme wala dawa ya kununua. Alijenga arobaini na moja, au arobaini na tatu; shule nyingine zilihama pamoja na wanafunzi wao, hesabu ikatushinda.

Siri ya kichujio iko juu ya mchanga. Hapo huota utando wa vijidudu, unaoteleza kama bamia, nao ndio unaokula vijidudu vya kuhara. Yaani uchafu unasafisha maji! Nimeelezwa mara nyingi, nikaitikia kwa kichwa, nikatoka nje vilevile nilivyoingia.

Mwaka 2008, kwenye shule moja karibu na Kashebere, mlinzi Papa Kasika alisikia wageni wanakuja. Akautoa mchanga wote, akauosha kwa sabuni mpaka ukang'aa, akaurudisha kwa fahari. Mama Kavuo alipofika alifunga bomba siku ileile. Wiki tatu nzima, mpaka utando uote tena, watoto walikunywa maji ya kuchemsha, na wakati huo kwenda msituni kutafuta kuni kulikuwa kujitafutia risasi. Wazazi walikasirika, nami nilikuwa upande wao, maana kwa macho maji hayakuwa na doa. Mama akashika lake. Kuni aliziomba duka hadi duka, akazileta kwa lori la sokoni. Papa Kasika alingoja kufukuzwa; badala yake akapewa ufunguo wa bomba. Nikasema moyoni, huyu mama kazi imemchosha akili.

Mwezi huu tulimsindikiza kuiaga shule hiyo. Risasi za Mei zilikuwa zimewakimbiza wote wiki mbili, mchanga ukakauka, utando ukafa, na kichujio kilikuwa kimeanzishwa upya siku chache tu. Jua lilikuwa kali. Mama akaomba kikombe kimoja cha kuagia, mbele ya walimu na wanafunzi. Papa Kasika, sasa mwenye mvi, akasimama mbele ya bomba.

"Mama, unisamehe. Hii mayi bado. Weye mwenyewe njo ulitufundisha."

Yaani maji hayakuwa tayari, na aliyewafundisha kungoja ndiye Mama mwenyewe. Mgeni wa heshima ananyimwa maji! Mwalimu mkuu alianza kuomba radhi, wanafunzi hawakujua wapige makofi au wanyamaze. Mama Kavuo alibaki na kikombe kitupu, akicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akaushika mkono wa Papa Kasika, na hakuuachia upesi.

Mama Kavuo, tunakushukuru, hata sisi tusioelewa. Rudi Butembo kwa amani, upumzike, na siku zako zote ziwe njema. Watoto wa Kashebere watakunywa siku Papa Kasika atakaposema maji yako tayari, si kabla.