Mwalimu Wilkista Naliaka na Vyumba Kumi vya Kitale

Mwalimu Wilkista Naliaka alizaliwa Kabuchai tarehe 14 Aprili 1957, mtoto wa tatu wa wakulima wa miwa. Alisoma huko huko nyumbani, akafuzu ualimu mwaka 1978, kisha akafundisha hesabu Kitale hadi alipostaafu mwaka 2017. Mwanafunzi aliyeandika jibu bila kuonyesha njia hakupata alama kwake, hata akilia.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na kaka yangu, Eliakim Makokha wa Kamukuywa, aliyetutangulia mwaka 2009. Mungu aliwajalia Viola na Noah.

Alipopata kiinua mgongo, tulimwita kikao. Mimi shemeji yake, ninayesoma haya, nilimsihi anunue shamba la mahindi.

"Shemeji, mvua ikikataa, mahindi yote inaenda," akanijibu. "Lakini watu kumi hawawezi kuhama siku moja."

Akajenga vyumba kumi karibu na chuo, akapangisha wanafunzi peke yao. Machi 2020 vyuo vikafungwa, na wote kumi wakahama wiki moja. Nilimpigia simu nikamwambia auze. Ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo, na leo naomba msamaha mbele yenu.

"Nyumba haina makosa, shemeji," akasema. "Makosa ni yangu. Niliweka watu wa aina moja."

Alikaa miezi minne akila akiba. Kisha akampangisha Arafa, fundi wa nguo, akaongeza muuguzi, wauza mitumba na familia mbili. Wanafunzi waliporudi aliwapa vyumba vitatu tu. Toka hapo akihama mmoja, tisa walibaki.

Mwaka 2023 figo zake zilishindwa kazi. Noah alitaka ploti ile ya vyumba kumi iuzwe, mama apelekwe ng'ambo. Mwalimu alikataa katakata: "Mkiuza, mtanitibu mara moja. Hii kodi inanisafisha damu kila wiki." Kodi ilimtibu hivyo kwa miaka miwili, na hatukuchangisha hata mara moja. Alituaga hospitalini Bungoma asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025.

Ameacha Viola, Noah, wajukuu wanne, na wapangaji ambao wote wamefunga milango yao leo kuja kumsindikiza. Mungu ampe Mwalimu wetu pumziko jema.

Na kwa wale ambao tangu Jumanne wanamuuliza Noah bei ya ploti: Noah mwenyewe ameniomba niwaambie kwamba haiuzwi.