Bi. Wiebke Harmsen na Nyambizi ya Kalunguyeye

Tarehe 30 Septemba, Bi. Wiebke Harmsen anastaafu baada ya kulitumikia jumba letu la makumbusho ya bandari kwa miaka thelathini na mmoja. Siku ya usaili aliulizwa kama anaijua bahari. Akajibu kwamba anaijua sana, na hawapatani. Watu walicheka, kumbe hakuwa akitania. Bi. Wiebke hutapika hata ndani ya kivuko, tena kikiwa bado kimefungwa gatini.

Mtu huyo ndiye aliyekabidhiwa historia ya nyambizi za Vita vya Pili vya Dunia. Moja ilimkaa rohoni kuliko zote: ile ambayo mabaharia wake waliibandika kalunguyeye wa shaba, yule mnyama mdogo mwenye miiba, kwenye mnara wake. Iliondoka bandari ya Kiel, Ujerumani, majira ya baridi ya mwisho ya vita, isionekane tena. Hakuna adui aliyejisifu kuizamisha, wala mwenzao aliyeiona ikizama.

Kila Februari alikuja Bibi Almuth Reinders, binti wa mpishi wa nyambizi hiyo, ambaye baba yake alimwacha akiwa na miaka minne.

"Haya mwanangu, umeniwekea wapi baba yangu?"

"Bado, bibi. Lakini sijachoka."

"Usichoke. Wa kuzeeka hapa ni mimi."

Kisha wavuvi wakaanza kulalamika kwamba nyavu zao zinanaswa nje ya ghuba. Mkurugenzi wetu, Dakta Jessen, akaamini kwamba ndiyo ile nyambizi, hakutaka kungoja. Akaalika meya, waandishi wa habari na bendi ya tarumbeta. Bi. Wiebke alimsihi: "Bosi, tuzamie kwanza, tarumbeta baadaye." Wapi! Wapiga mbizi wakazama, bendi ikapiga, kikaibuka choo. Cha kauri, cheupe, kizima kabisa. Kumbe lilikuwa tishari lililozama na shehena ya vyoo. Meya, aliyekuwa ameshavua kofia, alikosa la kufanya akakipigia saluti. Hadi leo kipo uani kwetu, kimepandwa maua.

Mji mzima ulitucheka, na fedha za utafiti zikakatwa. Bi. Wiebke hakununa. Alianza kushinda gatini na wavuvi, akila nao mkate wa samaki wa siki na kuwasikiliza wakidanganyana. Akagundua kwamba Tjark Brodersen, mvuvi mkongwe, hurudi na chewa wanono hata siku ambazo wenzake wamerudi mikono mitupu. Na chewa hupenda kukaa kwenye mabaki ya meli.

"Tjark, unavulia wapi?"

"Aa, dada, hilo hata mke wangu hajui. Nikikwambia, kesho wote watajaa pale."

"Chewa wako huenda wanalala juu ya kaburi la watu."

Tjark akautazama mkate wake, hakuumaliza. Kesho yake alimchukua yeye na mpiga mbizi mmoja. Bi. Wiebke alikwenda amekumbatia ndoo. Mpiga mbizi alipokwangua kome na kamera yake ikamwonyesha kalunguyeye wa shaba, alipiga kelele za furaha, kisha akairudia ndoo. Ubavu wa mbele ulikuwa umepasuliwa na bomu la majini, ambalo huenda walilitega Wajerumani wenyewe.

Wiki iliyofuata tulimpeleka Bibi Almuth. Alikula keki njia nzima, mawimbi yakimrusha. Tjark alipozima injini, Bibi Almuth alishika ukingo wa mashua akainama.

"Baba, ni mimi, Almuth. Nimekuwa mzee kuliko wewe."

Kisha akageuka, akamwona Bi. Wiebke alivyokuwa kijani usoni.

"Turudini jamani. Nimeshampata baba, nisije nikampoteza huyu."

Bi. Wiebke, familia za mabaharia wale sasa zinajua pa kutupia ua. Tjark havui tena mahali pale, na ole wake mvuvi atakayejaribu. Sisi wenzako tunasema ahsante kwa ukaidi wako na kwa kicheko chako. Nenda ukapumzike, ule ushibe, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi.