Gaidi wa Waisraeli na Wapalestina

Asalaam aleikum, wanakikundi. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na nyie mliokaa kule mlangoni ambao hamjaitikia hata moja, hamjambo na nyie.

Mwenyekiti ameniomba niongee kabla hatujala. Nilikataa, akaniomba tena, nikakataa tena, mpaka mke wangu akasema, "Kaongee, baba watoto, maana nyumbani unaongea na ukuta." Basi nimekuja. Sitamtaja mtu jina. Wageni siwataji, askari siwataji, na jirani naye simtaji. Mkisikia sauti inatetemeka msidhani ni baridi ya Karatu. Jambo hili bado naliogopa.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni dereva gaidi. Hapa kwetu nani asiyejua gaidi? Ni yule anayewashusha wageni kreta, lile shimo kubwa la wanyama, anawaonyesha faru, anawakataza wasitoke kwenye gari. Mtaa huu kila nyumba ina gaidi wake, au ina kijana anayesomea ugaidi Arusha. Mnacheka. Haya, chekeni. Mimi siku ile sikucheka.

Sasa, bosi aliniita ofisini akafunga mlango. Akaniambia, "Nakupa wageni, lakini hawa si watalii. Ni Waisraeli na Wapalestina. Wote wamefiwa na watoto wao kwenye yale mapigano yao. Wanakuja kukaa loji, mbali na kamera, wapatane maneno ya kwenda kuwaambia wakubwa wao wakae mezani. Usitangaze." Nikasema sawa. Nilipotoka pale nikajiuliza kwa nini mimi, Mwislamu na kofia yangu kichwani, nipewe mzigo huu. Bosi angeweza kumpa mtu mwingine yeyote.

Nikaenda kuwapokea. Kulikuwa na baba mmoja wa Kiisraeli, mzee wa kulingana na baba yangu mdogo. Binti yake alikuwa ndani ya basi, mtu akapanda na bomu mwilini akajilipua. Yule baba aliitazama kofia yangu kwanza, halafu mikono yangu, ndipo akaniangalia usoni. Na kulikuwa na mama mmoja wa Kipalestina. Mtoto wake alitumwa mkate dukani, ndege ikaupiga mtaa mzima. Yeye alinisalimia kwa salamu ya dini yetu, nikaitikia, na yule baba akageuka kutusikiliza. Wenzao walikuwepo pia, ila hawa wawili ndio waliokaa moyoni mwangu.

Yule mama alipenda kujifunza Kiswahili. Pale loji wafanyakazi walikuwa wanauliza, "Gaidi wenu yuko wapi? Gaidi wenu ameshakula?" Akalidaka hilo neno. Kila asubuhi, "Gaidi! Habari, gaidi!" Nami naitikia, "Nzuri, mama." Tulizoea hivyo.

Yule baba alikuwa mzito wa maneno. Siku moja tulisimama upande wa Buger nikibadilisha tairi, akachuchumaa karibu yangu. Akasema, "Dereva, kila tunapokaribia kupatana, kuna mtu anaua. Anaichagua siku. Unafikiri anataka kuua basi? Anataka kuua meza." Akaongeza, "Na kwetu pia wapo wanaofurahi meza ikifa." Ndugu zangu, mimi nilikuwa nadhani ugaidi ni bomu tu. Siku ile nikaelewa kuna watu wanaishi kwa kuhakikisha wengine hawakai pamoja, na nikaogopa zaidi, maana niliowabeba mimi ndio hao waliokuwa wanataka kukaa pamoja.

Ikapangwa niwapeleke kreta, wapumzike vichwa. Jioni yake nikamtumia mke wangu ujumbe wa sauti kwenye simu. Nilikuwa nimekatazwa kusema, najua, lakini mtu anaogopa, atamwambia nani? Nilisema hivi: "Mama watoto, wageni wangu ni Waisraeli na Wapalestina, usimwambie mtu. Gaidi wao ni mimi. Kesho nawashusha wote. Niombee dua. Wasije wakapigana humo garini nikakosa hata bakshishi." Nikacheka mwishoni, ule mcheko wa woga.

Mke wangu naye akaogopa, akamtumia dada yake wa Tanga ule ujumbe ili aniombee dua. Basi, jamani. Tanga! Kule Pwani gaidi ni gaidi kweli. Ni muuaji. Shemeji yangu aliposikia "gaidi wao ni mimi, nawashusha wote" alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Ujumbe ukatoka hapo ukaenda ulikoenda, na huko njiani mtu akakata ule mwisho wa bakshishi na kicheko. Ukabaki, "Gaidi wao ni mimi. Kesho nawashusha wote. Niombee dua." Hebu usikilize hivyo, kama humjui anayesema.

Mimi sina habari. Asubuhi nakuta wageni wamekaa kwenye chai, hakuna anayekula. Habari zimefika kutoka kwao. Kuna mtu ameshambulia watu kituo cha basi kwenye mji wa yule baba, na jeshi limeingia vijijini upande wa yule mama, naye hampati dada yake kwa simu. Waliingia garini kama watu wanaokwenda kuzika. Baba alikaa mbele kwangu, mama alikaa nyuma kabisa. Nilisikia mmoja wa wenzao akisema kwa Kiingereza kwamba wakirudi loji wanafungasha, mazungumzo yamekwisha. Mikono ilikuwa inateleza kwenye usukani kwa jasho, na huku nje ukungu na baridi.

Chini kule mtandao hakuna. Tukazunguka. Nikawaonyesha simba, hakuna aliyenyanyua kamera. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijawahi kuona watu wamepita simba bila kumtazama.

Tulipopanda juu mtandao ukarudi. Simu yangu ikaanza kuita, ikakata, ikaita. Nikapokea. Mke wangu analia. "Baba watoto, umefanya nini? Nje kumejaa watu. Wanasema wewe gaidi." Nikamjibu, "Si gaidi ndiyo kazi yangu?" Akasema, "Siyo gaidi huyo!" Hapo ndipo nilipoelewa. Sikumaliza kumsikiliza. Mbele yangu gari mbili zimeziba barabara, na askari wameshuka na bunduki.

Niliambiwa nizime gari, nitoe mikono dirishani, nishuke polepole. Nikalala chini kwenye vumbi, wakanifunga pingu. Wageni wakashushwa upande wa pili. Mkuu wao alikuwa mtu aliyetoka mbali, Kiswahili chake cha vitabuni, hajui habari za Karatu. Akanisimamia.

"Wewe ni nani kwa hawa watu?"

Wanakikundi, ulimi una mazoea yake. Nikasema, "Mimi ni gaidi wao, afande."

Nikasikia bunduki zinakokiwa. Nikafumba macho nikasoma shahada. Sikuwa namfikiria mtu yeyote, wala mtoto, wala mke. Nilikuwa najiuliza tu itauma kiasi gani.

Afande akawageukia wageni akawaambia kwa Kiingereza, "Huyu dereva wenu ni mtuhumiwa wa ugaidi. Alipanga kuwaua leo." Nikafumbua macho nimwone yule baba. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa gari. Alikuwa amekaa karibu yangu siku nzima, bega kwa bega, na sasa alikuwa ananiona mimi ndiye yule wa kwenye basi. Nawaambia ukweli, bunduki zilinitisha, lakini macho yale yaliniumiza kuliko bunduki.

Afande akarudia kwa Kiswahili kwa wenzake, akininyooshea kidole, "Gaidi ni huyu." Yule mama akalisikia neno analolijua. Akafurahi, akidhani sasa wamejua kwamba mimi ni dereva wao tu. Akapiga kelele, "Yes! Gaidi! Gaidi yetu! Nzuri!"

Ee Mungu wangu. Na yeye akawekwa chini ya ulinzi.

Tukapelekwa kwenye chumba cha askari, wote. Mama akakalishwa kwenye benchi upande mmoja, mimi sakafuni. Yule baba na wenzake wakaambiwa wako huru, gari lingine linakuja kuwarudisha loji. Afande akaucheza ule ujumbe wangu kwa sauti kubwa. Nilijisikia nikisema "nawashusha wote" na hata mimi nikaiogopa sauti yangu. Nikajaribu kueleza, nikaambiwa ninyamaze. Palikuwa na askari mmoja wa huku huku, aliyekuwa anafahamu kabisa gaidi kwetu ni nani. Nilimwangalia, akaangalia viatu vyake. Simlaumu. Jambo likishaitwa ugaidi, kila mtu anaogopa kuonekana analitetea.

Gari la kumchukua yule baba likafika, likapiga honi. Hakutoka. Alisimama mlangoni muda, anamtazama mama, anamtazama afande. Halafu akarudi ndani akaketi kwenye benchi lile lile la yule mama. Tangu asubuhi hawakuwa wamesemeshana. Akamwuliza polepole, "Kwa nini ulisema ndiyo?" Mama akajibu, "Kwa sababu ni kweli. Wote pale loji wanamwita hivyo. Nani anatushusha kreta? Gaidi." Yule baba akalirudia lile neno taratibu kwa ulimi wake wa Kiingereza. Gaidi. Gaidi. Guide. Kisha akanyanyuka, akamwendea yule askari wa huku aliyekuwa anaangalia viatu, akamwuliza, "Kaka yako akiwa dereva wa watalii, jirani zako wanamwitaje?"

Askari akamtazama mkuu wake. Akasema, "Afande, samahani. Huku sisi, gaidi ni... ni yule anayeongoza wageni. Shemeji yangu mwenyewe ni gaidi."

Afande alikaa. Akavua kofia. Haikuishia hapo, msidhani. Alipiga simu huku na huku, bosi wangu akaitwa, ujumbe ukatafutwa ule mzima wenye kicheko. Muda wote huo yule baba aliambiwa aende akapumzike, naye akasema, "Nitaondoka naye." Nilimsikia pia akimwambia yule mama, "Niliamini mara moja. Sikuuliza hata swali moja." Mama akamjibu, "Mimi nisingekuwa nalijua hilo neno, ningeamini pia." Nilifunguliwa pingu jioni. Baba yule hakunikumbatia. Alinipa chupa yake ya maji.

Hawakufungasha. Kesho yake walikaa tena mezani. Msifikiri walipendana, jamani. Walifokeana mpaka mpishi akaogopa kupeleka supu. Lakini walikaa, na siku ya kuondoka walikuwa na maneno yao waliyokubaliana. Kama wakubwa wao watayasikia, sijui. Habari za kwao mnazisikia kama mimi.

Sasa nirudi nyumbani, maana huko ndiko niliumia. Wale wa Tanga nimewasamehe, neno liliwachanganya. Lakini ninyi! Ninyi mnaojua gaidi ni nani, mlisimama nje ya nyumba yangu. Mawe yalirushwa juu ya bati watoto wakiwa ndani. Na ujumbe ulipofika kwenye kundi letu hili la simu, hili hili la kuzikana, mmoja wetu aliongeza, "Huyu mimi namfahamu, siku hizi amebadilika, haongei na watu." Nilikuwa siongei kwa sababu nilikatazwa kuongea! Maneno yale machache yaliniumiza kuliko ujumbe wote.

Namshukuru mama yetu wa Mbulumbulu, yule pale anayeinamisha kichwa, mjane wa watu. Alishuka na jembe lake begani akaketi kwenye kizingiti changu, akawaambia, "Huyu alimbeba mume wangu kwenda hospitali kwa gari lake. Kama ni muuaji, aanze na mimi." Hakuondoka mpaka nilipofika. Mama, sina cha kukulipa. Nawashukuru padre na shehe waliokuja pamoja kuwatawanya watu. Namshukuru yule askari aliyefungua mdomo, hata kama alichelewa. Na wale wageni wawili, popote walipo, Mungu awalinde, kila mmoja na watu wake.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukisikia neno baya juu ya mtu unayemjua, usilitume. Nenda kwake, umwulize akiwa amekaa mbele yako. Inachukua muda mfupi tu. Yule mzee aliyeuliwa mtoto aliweza kurudi kwenye benchi na kuuliza, na alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko sisi wote.

Yule aliyeongeza maneno yumo humu. Nimemjua tangu siku ile ile. Mwezi uliopita tulimzika mama yake, mnakumbuka, mvua ikinyesha. Mimi nilishika jeneza upande wa mbele, na yeye alikuwa mkabala wangu. Hakuniangalia, nami sikumwangalia. Ndugu yangu, sijakusamehe vizuri, sitadanganya mbele ya watu. Lakini nilimbeba mama yako mpaka mwisho, na nataka tuongee. Nyumbani kwangu unapajua. Njoo, ukae, uniulize lolote. Mimi pia ninalo swali langu moja, na ninaogopa kukuuliza kama wewe unavyoogopa kunijibu.