Siku Niliyomshika Mkwe Wangu Mkono

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu. Mimi ni mama yake Akinyi, wa Muhuru Bay. Wengi mmenunua kwangu omena, dagaa wetu wa ziwani. Shule sikufika mbali, lakini watu wote waliokuwa nami kwenye boti siku ile nawakumbuka kwa majina.

Tulikuwa tunavuka ziwa kupeleka magunia ya omena Kisegi. Nahodha alikuwa Odongo. Akina mama tulikuwa watatu: mimi, Awuor na Rosa. Wa kutoa maji kwa debe alikuwa Okello, mume wa Akinyi wangu. Sasa mnajua mila yetu: mama mkwe na mkwe hawakaribiani, hata mkono hawapeani. Na nafasi ya kukaa ilikuwa chini, palepale miguuni pake. Nikakataa. Nikapanda juu ya magunia, na wenzangu kwa kuniheshimu wakapanda.

Upepo ukaja. Boti ikalala huku, ikalala kule, na kila ikilala inachelewa kuinuka.

Odongo akaita, "Akina mama, shukeni! Uzito ukiwa juu hivyo tutapinduka."

"Nikakae na mkwe?"

"Ziwa halijui mkwe, mama."

Awuor akacheka. Mimi nikainua mikono, nikaomba hukohuko juu.

Wimbi likatupiga ubavuni. Okello akatupwa nje na debe lake. Nikaona vidole tu, vimeshika ukingo wa boti.

Ndugu zangu, nilikuwa namwomba Mungu aishike boti, na anayeiyumbisha ni mimi. Nikateremka kwa tumbo, nikalala kwenye maji ya omena, nikamkamata mkwe wangu mkono kwa mikono yangu miwili. Awuor na Rosa wakashuka, wakanishika miguu. Mawimbi yalikuwa yaleyale, lakini boti sasa ilikuwa inainuka upesi. Odongo akaielekeza pua ya boti kwenye wimbi, tukamvuta Okello ndani.

Alikohoa sana. Kisha akasogea, bila kunitazama. "Kaa hapa, mama. Hapa chini."

Nikakaa bega kwa bega naye mpaka Kisegi.

Wako walionong'ona juu yangu nyumbani. Wanong'one. Akinyi ana mume, wajukuu wangu wana baba, na ninamshukuru Mungu. Leo nikiwemo mimi, boti haing'oi nanga kama kuna mtu juu ya magunia, au mtu ambaye hajafunga jaketi la kuelea. Nitakushusha mwenyewe, hata uwe askofu.

Mtumaini Bwana, ndugu yangu. Mtumaini ukiwa umekaa chini. Anasikia.